Udalali wa Nyumba na Viwanja: Fursa Iliyotengwa kwa Wananchi Inadai Uaminifu na Taratibu

Julai 2025 Serikali, kupitia Wizara ya Viwanda na Biashara, ilitoa Amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, Sura 208, inayowazuia watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara nchini. Miongoni mwa biashara hizo, pamoja na uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ukarabati wa simu, uongozaji wa watalii na ununuzi wa mazao shambani, imo kazi ya udalali na uwakala wa biashara na mali zisizohamishika. Asiye raia anayekiuka Amri hiyo anakabiliwa na faini isiyopungua Sh. milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye hakuachwa: adhabu yake ni faini ya Sh. milioni 5 au kifungo cha miezi 3.

Mjadala uliofuata ulijikita zaidi katika suala la nani amezuiwa. Kwa maelfu ya vijana wanaotafuta shughuli ya kuwaingizia kipato, swali lenye uzito mkubwa zaidi ni jingine: raia aliyefunguliwa mlango huo anaingiaje, na anahitaji kujua nini kabla hajasimama kati ya muuzaji na mnunuzi wa nyumba au kiwanja? Kwa Mtanzania wa kawaida, kiwanja ni akiba ya miaka mingi iliyogeuzwa kuwa ardhi. Dalali anapokosea, mteja wake anaweza kupoteza jasho la maisha yake yote kwa sahihi moja.

Soko linalokua

Matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 yalionesha kuwa Tanzania ina watu 61,741,120 na kwamba idadi hiyo inaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Mkoa wa Dar es Salaam pekee ulikuwa na watu 5,383,728, na Dodoma 3,085,625. Sensa hiyo ilihesabu pia majengo, ikapata 14,348,372 nchi nzima. Wakati huohuo, upungufu wa nyumba unakadiriwa kufikia milioni 3, na mahitaji mapya yanakadiriwa kuwa nyumba 200,000 kila mwaka.

Takwimu hizo zinaeleza kwa nini dalali amekuwa mtu wa lazima mijini. Mpangaji anayehamia Dodoma kikazi hajui chumba kipi kiko wazi Area C au Nkuhungu. Mwenye nyumba wa Mbagala naye hana muda wa kupokea simu za watu 20 wasio na nia ya kupanga. Taarifa zimetawanyika, na mwenye kuzikusanya ana haki ya kulipwa. Kazi hiyo haihitaji mtaji mkubwa wa fedha: inahitaji simu, nauli, kufahamiana na watu na kujua mitaa. Ndiyo maana wengi huianza bila maandalizi yoyote, na ndiyo maana malalamiko dhidi yake ni mengi.

Dalali ni nani mbele ya sheria

Neno dalali hutumika kwa watu wa aina tofauti. Yupo dalali wa mnada na yupo dalali wa mahakama anayetekeleza amri za mahakama. Hawa wana sheria na kanuni zao. Dalali wa nyumba na viwanja, kwa upande wake, kwa miaka mingi amefanya kazi bila sheria yake mahsusi. Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi imekuwa ikieleza dhamira ya kutunga sheria ya kusimamia sekta ya milki, ikiwamo kazi ya madalali. Kenya ilichukua hatua hiyo mapema: Sheria ya Mawakala wa Mali ya mwaka 1984 iliunda bodi ya usajili, na anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa anatenda kosa.

Kutokuwapo kwa sheria mahsusi hakumaanishi kwamba dalali yuko huru kufanya atakalo. Sheria ya Mikataba, Sura 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala, na dalali aliyetumwa na mwenye mali kutafuta mnunuzi ni wakala. Wakala anawajibika kufuata maelekezo ya aliyemtuma, kufanya kazi kwa uangalifu, kutoa hesabu ya fedha alizopokea na kutojinufaisha kwa siri kupitia mali aliyokabidhiwa.

Wajibu huo wa mwisho ndio unaokiukwa zaidi, na mitaani una jina lake: cha juu. Chukua mfano wa mwenye kiwanja anayetaka Sh. milioni 30. Dalali anamwambia mnunuzi bei ni Sh. milioni 38, kisha anahakikisha wawili hao hawakutani mpaka siku ya malipo. Sh. milioni 8 zinabaki kwake, mbali na ujira atakaoudai kwa pande zote mbili. Wengi huona huo ni ujanja wa biashara. Kwa mtazamo wa sheria ya uwakala, fedha hizo zimepatikana kwa kumficha aliyemtuma, na mwenye mali ana haki ya kuzidai.

Cha juu kina madhara mengine. Kinapandisha bei za viwanja mtaa mzima, kwa kuwa jirani husikia bei aliyolipa mnunuzi na kuichukua kuwa bei ya soko. Kinaharibu pia kumbukumbu za mauziano, kwani mkataba huandikwa bei isiyolingana na fedha zilizotolewa. Dalali mpya anayetaka kudumu katika kazi hii anashauriwa kuacha njia hiyo tangu siku ya kwanza na kukubaliana na mteja wake, kwa maandishi, juu ya ujira wake: ni kiasi gani, nani anaulipa, na unalipwa katika hatua ipi.

Hali hiyohiyo ipo katika upangishaji. Katika miji mingi mpangaji humlipa dalali kiasi kinacholingana na kodi ya mwezi mmoja. Mazoea hayo hayana ubaya iwapo yamesemwa wazi kabla. Tatizo huanza pale mpangaji anapotozwa fedha ya kuoneshwa chumba ambacho dalali anajua kimeshapangishwa, au pale madalali watatu wanapodai ujira kwa nyumba moja.

Kurasimisha kazi

Hatua ya kwanza kwa anayeanza ni kupata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo hutolewa bila malipo. Anayetaka kutumia jina la biashara badala ya jina lake binafsi hulisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Wanaoungana wawili au zaidi wanaweza kusajili kampuni. Hatua inayofuata ni leseni ya biashara, na kwa walio wengi sehemu ya kuanzia ni ofisi ya biashara ya halmashauri.

Leseni ina faida kwa mwenye nayo. Dalali mwenye leseni na risiti anaweza kuingia mkataba na kampuni, taasisi au Mtanzania aishiye nje ya nchi anayetafuta mtu wa kumsimamia nyumba yake. Wateja wa aina hiyo hawafanyi kazi na mtu asiye na anwani. Dalali huyo anaweza pia kudai ujira wake mbele ya mahakama akiwa na nyaraka mkononi.

Kipo pia kishawishi ambacho Amri ya mwaka 2025 imekilenga moja kwa moja: raia kuazimisha jina lake ili mgeni aendeshe biashara nyuma yake. Anayefanya hivyo anauza kwa bei ndogo fursa aliyotengewa, na kwa kosa hilo yeye mwenyewe ndiye atakayetakiwa kulipa faini au kutumikia kifungo.

Wajibu mwingine usiofahamika na wengi unatokana na Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya mwaka 2006. Sheria hiyo inawahesabu wafanyabiashara na mawakala wa mali zisizohamishika kuwa miongoni mwa watoa taarifa. Wanatakiwa kumtambua mteja, kutunza kumbukumbu za muamala na kutoa taarifa kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu pale wanapoona muamala wenye mashaka. Mnunuzi anayetaka kulipa mamilioni kwa fedha taslimu, asiyejali bei na anayetaka hati iandikwe jina la mtu mwingine, ni wa kutiliwa shaka.

Uzito wa jambo hilo ulionekana Oktoba 2022, Tanzania ilipowekwa na chombo cha kimataifa cha FATF katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kutokana na upungufu katika udhibiti wa fedha haramu. Nchi iliondolewa katika orodha hiyo Juni 2025, baada ya kutekeleza mpango wa marekebisho. Kubaki nje ya orodha kunategemea pia nidhamu ya watu wadogo katika mnyororo wa uuzaji wa mali, dalali akiwa mmoja wao.

Dalali hukusanya pia nakala za vitambulisho, namba za simu na mikataba ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka azitumie kwa kusudi alilopewa tu. Kusambaza picha ya kitambulisho cha mpangaji katika makundi ya WhatsApp kwa ajili ya kutafuta chumba si desturi ndogo ya kupuuzwa.

Kuzijua nyaraka za ardhi

Ujuzi unaomtofautisha dalali wa kuaminika na mpiga debe ni kuzisoma nyaraka za ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachouza mtu ni haki ya kuitumia kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, pamoja na maendelezo aliyoyafanya. Hivyo hati yenye miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995 haina thamani sawa na hati ya miaka 99 iliyotolewa mwaka jana, hata kama viwanja vinapakana.

Nyaraka zenyewe zina ngazi. Ipo hati miliki iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ipo barua ya toleo, ambayo wengi huiita ofa. Ipo leseni ya makazi inayotolewa katika maeneo yasiyopimwa rasmi. Vijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ipo hati ya hakimiliki ya kimila. Nyingi katika zinazozunguka mitaani, hata hivyo, ni mikataba ya mauziano tu, iliyoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na majirani. Mkataba huo unathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Ndiyo maana hatua ya kwanza kabla ya kumpeleka mteja kwenye kiwanja chenye hati ni upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi huonesha jina la mmiliki, muda wa hati, na iwapo kuna rehani ya benki, zuio la mahakama au pingamizi la mtu mwingine. Ada yake ni ndogo ikilinganishwa na hasara inayozuiwa. Ofisi za ardhi za mikoa zimesogeza huduma hiyo karibu, na Wizara imeanzisha mfumo wa kidijitali wa e-Ardhi ili kupunguza matumizi ya majalada ya karatasi.

Upekuzi pekee hautoshi. Yapo mambo manne ambayo dalali makini huyathibitisha kwa kuuliza na kwenda mahali husika.

La kwanza ni ridhaa ya mwenza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji anayesema mkewe yuko safarini na ataleta sahihi yake baadaye hajawa tayari kuuza.

La pili ni mirathi. Nyumba iliyoachwa na marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa aliyekabidhiwa funguo na kikao cha ukoo bado hana mamlaka hayo mpaka mahakama imteue.

La tatu ni ardhi ya kijiji. Kumwuzia ardhi ya kijiji mtu asiye mkazi wake kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, nje ya kikao, haitoshi. Mashamba ya pembezoni mwa miji, ambako wengi hukimbilia kwa sababu ya bei nafuu, ndiko kosa hili linakotokea mara kwa mara.

La nne ni mipaka na matumizi. Kiwanja kinaweza kuwa na hati safi lakini kikawa kimetengwa kwa ajili ya shule, barabara au eneo la wazi katika mpango wa mji. Ofisa mipango miji wa halmashauri ndiye mwenye jibu, na mpima ardhi ndiye anayethibitisha kwamba mawe ya mipaka yaliyooneshwa uwanjani ndiyo yaliyomo kwenye ramani.

Kuhusu serikali ya mtaa, uelewa unahitaji kuwekwa sawa. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wanaweza kumtambua mkazi na kueleza historia ya eneo, na ushahidi wao ni muhimu hasa katika maeneo yasiyopimwa. Muhuri wao hauhamishi miliki ya kiwanja chenye hati. Uhamisho hukamilika kwa idhini ya mamlaka za ardhi na usajili wa jina jipya.

Kodi na bei halisi

Mauziano ya kiwanja au nyumba yana gharama ambazo dalali anapaswa kuzieleza mapema. Muuzaji mkazi hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida, yaani tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama za kununua na kuendeleza. Makazi binafsi ambayo mmiliki amekaa nayo na kuishi humo kwa angalau miaka 3 husamehewa pale faida isipozidi Sh. milioni 15. Upo pia ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1 ya thamani, ada za usajili, gharama za wakili na ripoti ya mthamini.

Uthamini nao ni taaluma yenye sheria yake. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka kazi hiyo ifanywe na mthamini aliyesajiliwa, na kwa uhamisho wa miliki ripoti yake huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Dalali anaweza kueleza bei zinazotajwa mtaani, lakini maelezo yake hayawezi kuchukua nafasi ya ripoti hiyo.

Katika hatua hii madalali wengine huwashauri wateja waandike bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi. Ushauri huo, mbali na kuwa kinyume cha sheria, humgeukia mnunuzi. Tuseme amenunua nyumba kwa Sh. milioni 60 lakini mkataba ukaandikwa Sh. milioni 30. Miaka kadhaa baadaye anaiuza kwa Sh. milioni 80. Faida yake halisi ni Sh. milioni 20, na kodi yake ingekuwa Sh. milioni 2. Kwa mkataba wake, hata hivyo, faida inahesabiwa kuwa Sh. milioni 50 na kodi Sh. milioni 5. Ikitokea mauziano yamebatilishwa na mahakama kabla ya hapo, fedha atakazoweza kuthibitisha ni zilezile Sh. milioni 30 zilizoandikwa.

Kutoka udalali kwenda uwekezaji

Madalali wengi huota kumiliki mali zao wenyewe, na ndoto hiyo ni halali. Anayeshinda mtaani kila siku huona mapema eneo linakofika barabara ya lami, maji au chuo kipya. Hatari iko mahali pamoja: pale anapokuwa wakala na mnunuzi kwa wakati mmoja bila kusema.

Bibi mjane anamwita dalali amtafutie mnunuzi. Dalali anajua eneo hilo litapitiwa na mradi, ananyamaza, ananunua yeye kupitia jina la ndugu yake kwa bei ya chini, kisha anauza kwa faida baada ya miezi michache. Sheria ya uwakala inampa mwenye mali haki ya kuukataa muamala wa namna hiyo, iwapo wakala alijiuzia bila kumweleza mambo muhimu na kupata ridhaa yake. Dalali anayetaka kununua mali aliyokabidhiwa ana njia moja iliyo safi: aseme waziwazi kwamba yeye ndiye mnunuzi, aache kudai ujira wa udalali, na amshauri muuzaji apate mthamini au wakili wa kumwangalizia maslahi yake.

Uwekezaji wenyewe unahitaji hesabu. Chukua nyumba ya Sh. milioni 80 inayopangishwa kwa Sh. 500,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima inaingiza Sh. milioni 6, sawa na asilimia 7.5 ya bei yake. Ondoa kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, yaani Sh. 600,000. Ondoa mwezi mmoja ambao nyumba ilikaa bila mpangaji, Sh. 500,000, ambapo kodi ya zuio nayo inashuka kwa Sh. 50,000. Ondoa ukarabati, tuseme Sh. 400,000. Kinachobaki ni takriban Sh. milioni 4.5, yaani chini ya asilimia 6 kabla ya kodi ya jengo na kodi ya pango la ardhi.

Sasa iwekwe kando ya mkopo. Riba ya mikopo ya nyumba nchini imekuwa ya tarakimu mbili, na jumla ya mikopo hiyo bado iko chini ya asilimia 1 ya Pato la Taifa, licha ya jitihada kama sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC inayozipatia benki mitaji ya muda mrefu. Anayekopa kwa riba kubwa kuliko pato la pango atalazimika kuongeza fedha kutoka mfukoni kila mwezi. Kwa anayeanza, akiba ya taratibu au mkopo wa SACCOS wa kukamilisha nyumba iliyokwishafikia linta huwa na unafuu kuliko mkopo mkubwa wa kununulia nyumba nzima.

Wapo wanaoona nafuu katika kununua viwanja na kuviacha vipande bei. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2004 kiwanja kisicho na jengo kinaweza kuuzwa, lakini hati huja na masharti ya uendelezaji ndani ya muda uliowekwa na wajibu wa kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Mmiliki anayekiuka masharti hayo anaweza kunyang'anywa kiwanja kwa ubatilisho wa miliki. Kiwanja kilichoachwa pori kwa miaka mingi huvutia pia wavamizi, na kesi ya kuwaondoa inaweza kumgharimu mwenye kiwanja kuliko bei aliyonunulia.

Kwa wenye mtaji wa kati, Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo imewezesha mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo na kupata hati yake. Kabla ya kununua, mwekezaji anatakiwa kujua gharama za kila mwezi za maeneo ya pamoja kama lifti, ulinzi na jenereta, kwa kuwa hizo hulipwa hata fleti ikiwa tupu.

Iwe ni ujira wa udalali au kodi ya pango, kila shilingi inahitaji kuandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dalali asiye na kumbukumbu hawezi kukopesheka, hawezi kujitetea mbele ya TRA, na hajui iwapo biashara yake inamlisha au inakula akiba yake.

Wajibu wa mwananchi anayetumia dalali

Wajibu hauko upande wa dalali peke yake. Mwananchi anayenunua anapaswa kuonana na mwenye mali ana kwa ana, kudai kuona nyaraka halisi, kusisitiza upekuzi na kulipa kupitia benki moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji. Dalali anayekataza wawili hao kukutana, au anayehimiza malipo ya haraka kwa madai kwamba kuna mteja mwingine njiani, amekwishajitambulisha.

Mgogoro ukitokea, hatua za kufuata zipo. Baraza la ardhi la kata husuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikiliza mashauri na kuyaamua kwa mujibu wa sheria. Penye udanganyifu wa wazi, kama kuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili au kughushi hati, jambo hilo ni la jinai na mahali pake ni Polisi. Kliniki za Ardhi zinazofanyika mikoani zimewawezesha pia wananchi kupata ushauri na huduma za hati bila kupitia kwa mtu wa kati.

Kinachofuata

Amri ya mwaka 2025 imetenga nafasi. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Machi 2025, imeweka mwelekeo wa usimamizi bora wa ardhi. Sheria ya kusimamia sekta ya milki inapokamilika, inatarajiwa kwamba dalali atatakiwa kusajiliwa na kufuata maadili, kama ilivyo kwa mthamini, mpima ardhi na wakili. Atakayekuwa tayari siku hiyo ni yule ambaye leo ana leseni, anaandika mikataba, anatoa risiti na ana orodha ya wateja walio tayari kumtaja kwa wema.

Kumzuia mgeni kunampa raia nafasi ya kufanya kazi. Hakumwongezei mteja sababu ya kumwamini raia huyo. Imani hiyo itajengwa na dalali mmoja mmoja, kwa kila kiwanja anachokifanyia upekuzi kabla ya kukitangaza na kila bei anayoitaja bila cha juu.